Hazikwi Mtu Hapa

Mwalimu Mkuu mpya ameniomba niandike "mawili matatu" ya kuwasaidia walimu wa Kiingereza wanaokuja kutoka nje ya nchi. Amenipa na kalamu, kana kwamba miaka yote hii nilikuwa nafundisha kwa mkaa. Nimekubali kwa sababu mtu akishastaafu hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya "presha inaendeleaje?" Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja tu, utunzaji wa kabati la vitabu, na ufunguo wa kabati hilo haujapatikana mpaka leo.

Mimi ni Rasoa, Mluhya, mzaliwa wa Kakamega, Kenya. Hapa Mwanza wengi huniita Lasoa, na sioni sababu ya kubishana na jiji zima. Nilikuja nikiwa kijana, baada ya kusikia kwamba shule za binafsi za Tanzania zinatafuta walimu wa Kiingereza kama watu wanavyotafuta fundi wa paa mvua ikishaanza kunyesha. Mama yangu hakutaka. Alinisindikiza stendi akiwa amenuna, na gari lilipowashwa akanisogelea dirishani akaniuliza, "Huko una watu?"

Nikamwambia nitawapata.

"Umesema unakwenda kazini. Kazi si watu. Ukifa nani atakuzika, chaki?"

Swali hilo alikuja kuniuliza kila nilipopiga simu, miaka na miaka, kabla hata ya kuuliza kama nimekula.

Shule yetu ilikuwa Igogo, imebanwa katikati ya mawe makubwa, na ukisimama uwanjani unaliona ziwa chini. Mwenye shule alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mwanza, na baba yake alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Siku ya kwanza watoto waliniamkia mstarini kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Neno hilo nililijua kwa kulisoma, kama mtu wa bara anavyomjua nyangumi. Nikajibu, "Asanteni." Wakarudia, wakidhani sikusikia. Nami nikarudia, nikidhani wana adabu ya kupitiliza. Tungekuwa hapo mpaka leo kama mwalimu wa taaluma hangetokea nyuma yangu akaitikia kwa niaba yangu, "Marahaba! Haya, madarasani."

Huyo alikuwa Mwalimu Minza, Msukuma wa Magu, mwanamke mpana, mtulivu, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Ndiye aliyenifundisha kazi. Chuoni nilifundishwa nadharia. Minza alinifundisha kwamba chaki ya rangi ukiiloweka kwenye maji ya sukari haifutiki ovyo, ila usiiache droo wazi, maana sisimizi nao wanapenda masomo. Alinifundisha kutengeneza dasta kwa kipande cha godoro. Alinifundisha kwamba mtoto asiyejibu Kiingereza si mjinga, anaogopa kuchekwa, na dawa yake ni mwalimu kukosea kwanza mbele ya darasa ili wamcheke yeye. Hilo la mwisho sikuhitaji mafunzo, nilikuwa na kipaji.

Saa nne ya siku hiyo hiyo ya kwanza tuliingia ofisini kunywa chai. Nikamwendea mpishi, nikasema kwa sauti yangu ya Kakamega, "Nipe chai."

Ofisi nzima ikageuka. Mpishi akaniangalia, akauliza kwa upole, "Mwalimu, kwani tumegombana?"

Kijana mmoja mrefu aliyekaa pembeni alicheka mpaka akamwaga chai yake kwenye madaftari. Minza akanivuta kando. "Hapa tunaomba, hata kilicho chetu. Sema naomba. Halafu usianzie kwenye chai, anzia kwenye salamu. Muulize watoto, muulize na ule mguu unaomsumbua."

"Nikimaliza mguu kengele itakuwa imelia."

"Basi utakunywa kesho," akasema Minza.

Yule mrefu aliyemwaga chai alikuwa Kibwana, mwalimu wa jiografia, Mzaramo wa Kisarawe. Kwa wiki kadhaa nilimwogopa. Kila saa nne alikuwa anawatukana Wasukuma waziwazi, na ofisi ilikuwa imejaa Wasukuma. Minza akileta michembe, yale makavu ya viazi vitamu yanayochemshwa na karanga, Kibwana anauliza, "Leo tena mmechemsha viatu?" Anasema Msukuma ukimpa ndege atauliza jembe linafungwa wapi. Minza naye hachelewi: "Nyamaza, Mzaramo wewe. Nyie mlikuwa na Dar es Salaam nzima, mkauza kiwanja kimoja kimoja mpaka mkabaki na ngoma." Wanacheka wote, kisha Kibwana anakula hivyo viatu mpaka anakomba bakuli.

Nyie wadogo zangu wa hapa mnaona ni kawaida. Mimi sikuona hivyo. Nilikotoka, mtu akilitamka kabila lako kwa sauti ile huku uchaguzi unakaribia, unaanza kufikiria utalaza watoto wapi. Nilikuwa nikishika kikombe kwa mikono miwili, nasubiri ni siku gani watashikana mashati. Nilimuuliza Minza kwa nini hamshtaki yule mtu. Akasema, "Nimshtaki nini? Ni mtani wangu." Kwetu utani ni mzaha tu, nami nikaona mzaha wenyewe umepita kiasi.

Halafu baba yake Minza akafariki. Shule nzima tulikwenda Magu kuzika. Watu walikuwa wengi, Minza amekaa chini kwenye mkeka, macho yamevimba, hali, hasemi, hata uji alikuwa ameukataa tangu juzi yake. Nilikaa karibu naye nikimshika mkono, maana nilimpenda dada yule, na kumwona vile kuliniumiza sana. Mara namwona Kibwana anatoka ndani ya nyumba ya marehemu. Kavaa koti la marehemu. Kavaa na kofia yake. Anatembea kwa kuchechemea na kukohoa kama mzee, anawagombeza vijana, "Nani kaacha ng'ombe wazi?" Kama hiyo haitoshi, jeneza lilipofika makaburini, tukamkuta bwana yule kalala chali ndani ya kaburi, mikono kifuani.

"Hazikwi mtu hapa," akasema kutoka chini kule, "mpaka niletewe soda. Na iwe ya baridi!"

Jamani. Nilisikia damu imepanda mpaka kwenye masikio. Sikumtazama Minza, wala sikumtazama mtu yeyote. Kama ningetazama ningejiokoa. Niliondoka mbio kumtafuta mgambo wa kijiji, nikamkuta kwenye foleni ya chakula, nikamburuta na sahani yake. Njiani nilimweleza kwa Kiswahili, na Kiswahili kiliponiishia nikamalizia kwa Kiingereza. Tulipofika ukingoni nikanyoosha kidole kama hakimu. "Mtoe huyo! Mfunge!"

Mgambo akachungulia. "Ni kabila gani?"

"Mzaramo," wakajibu watu.

"Sasa mwalimu," akasema mgambo, akachukua tonge lake, "mimi nitamtoaje? Hapo yuko kazini."

Lakini mambo yalikuwa yameharibika. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Kibwana akasimama, akajipangusa udongo, akapanda juu mwenyewe bila soda. Akalivua lile koti, akalikunja vizuri. Akaja mbele yangu. "Samahani sana, Madam," akasema. Hakunitania hata kwa jicho.

Njiani kurudi tukalikaribia jiji, Minza akanigeukia. Kisha akaniambia polepole, "Lasoa, mimi nilikuwa nimeanza kucheka. Siku zote zile nilikuwa sijaweza kupumua, na nilipomwona yule mjinga amelala mle na kofia ya baba, kitu kikafunguka hapa kifuani. Wewe ukaleta mgambo."

Nilitamani gari linimeze. Nikamwomba radhi, akanisamehe palepale, maana Minza hana moyo wa kuweka kinyongo. Ila habari ilikuwa imeshatembea. Kuanzia Jumatatu hakuna aliyenitania. Nilikuwa Madam. Nilipewa kiti chenye mto. Nikiingia ofisini maneno yanapungua sauti, watu wanakaa sawa kama amekuja mkaguzi. Kibwana alinifungulia mlango, akanipisha kwenye foleni ya chai, akaniuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Kuna msemo hapa kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliupiga ugeni miaka, hakuna aliyenipa hata mpini.

Mtu ambaye hajaishi ugenini atasema, si afadhali heshima? Afadhali ya nini? Heshima ya namna ile ina baridi. Nyumbani kwangu chini ya kitanda kulikuwa na sanduku ambalo sikuwahi kulitoa nguo zote. Kila Desemba nilisema mwaka huu narudi. Kibali cha kazi kikikaribia kwisha nilikuwa naomba Mungu waninyime, halafu wakikitoa nafurahi, halafu nalia. Mama akipiga, swali ni lile lile: "Huko una watu?" Nikawa namwambia ninao wengi. Uongo mtupu. Nilikuwa na wanafunzi, nilikuwa na muuza sato wangu pale soko la samaki la Mwaloni aliyekuwa ananipunja kwa upendo, nilikuwa na Minza. Ila watu, wale wa kukuvalia kofia yako siku umekufa, sikuwa nao.

Siku moja nilijitoa mhanga. Nikamwambia Kibwana mbele ya wote kwamba Wazaramo ni wavivu. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi nyumbani. Akainamisha kichwa. "Ni kweli, Madam, tunajitahidi," akasema, akaondoka. Loh! Nilijisikia kama nimempiga mtoto.

Nikamfuata Minza. "Na mimi nipeni mtani."

"Utani haugawiwi kama chaki," akasema. "Babu zetu walibeba mizigo kwenda pwani, wakapita kwa Wazaramo. Wakapigana. Walipochoka kupigana wakaanza kuzikana. Ndipo utani unapotoka. Sasa nyie Wakenya tumepigana na nyie wapi?"

"Kwenye mpira," akasema Kibwana akiwa amejificha nyuma ya ramani ya Afrika, kisha akakohoa haraka. "Samahani, Madam."

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ramani ile ilitikisika kwa kicheko muda mrefu.

Miaka ikaenda hivyo. Nilifundisha watoto wa watoto niliowafundisha. Kibwana akaota mvi, Minza akawekewa miwani. Ndipo kaka yangu Lihanda akapiga simu wakati wa mapumziko, nikasikia anavyovuta pumzi, nikajua kabla hajasema. Mama alikuwa ameondoka. Nilimwambia Mwalimu Mkuu wa wakati huo, akanipa ruhusa, watu wakaniambia pole kwa adabu, kila mmoja amesimama. Nikasafiri peke yangu kupitia mpaka wa Sirari. Njia nzima nilisumbuliwa na jambo moja, kwamba mama amekufa akiniuliza swali, nami nimemjibu uongo.

Siku ya kuzika, pale kwetu Kakamega, ngoma za isukuti zilikuwa zinalia tangu asubuhi na mhubiri alikuwa anahubiri kana kwamba analipwa kwa maneno. Jeneza lilikuwa limeshafika ukingoni. Mara Kosta yenye namba za Tanzania ikaingia uani, imejaa vumbi hadi kwenye vioo. Wakashuka Mwalimu Mkuu, mpishi na ule mguu wake, walimu nusu ya ofisi, Minza akiwa amejifunga khanga mbili. Sikuwa nimewaita. Minza alinikumbatia. Wa mwisho kushuka alikuwa Kibwana, na suti. Akaja mbele yangu, akainama. "Pole sana, Madam." Nikasema asante.

Akapita. Nikamwona anakwenda barazani. Akachukua fimbo ya mama. Akachukua kitambaa cha kichwa cha mama kilichokuwa kimeanikwa pale, akajifunga, kimemkaa kama kilemba cha bibi harusi. Hakuwahi kukutana na mama, kwa hiyo hakuweza kumwigiza. Aliniigiza mimi. Akatembea kwa hatua zangu, mgongo umenyooka, pua juu, akamfikia mhubiri: "Nipe Biblia!" Akawafikia wapiga ngoma: "Nipe ngoma!" Akafika ukingoni. "Nipe kaburi!" Akashuka ndani, na suti yake, akalala chali.

"Hazikwi mtu hapa," akapaza sauti, "mpaka niletewe kuku. Mzima! Au Waluhya mmeshamaliza kuku wote mpaka manyoya? Na huyu nyang'au wenu, tumemfundisha kuomba miaka yote, bado anasema nipe!"

Nyang'au, kwa msiojua, ni mnyama mla watu, na ndilo jina Watanzania wanalowaitia Wakenya wakitaka kuwachokoza. Watu wa kwetu wakalipuka. Vijana wakavua makoti. Mhubiri akafunga Biblia. Kaka yangu Lihanda, uso umejaa machozi na hasira, akageuka mbio, anaita, "Naibu wa chifu yuko wapi? Mleteni naibu wa chifu! Kuna mwendawazimu kaburini kwa mama!"

Nilimtazama kaka yangu akikimbia, nikajiona mwenyewe kule Magu, na kidole changu kimenyooka. Kicheko kilinitoka bila kuniomba ruhusa. Kilianzia chini kabisa, tumboni, kama cha Minza, na kilipofika juu kikawa kilio, nikalia kilio ambacho nilikuwa nimeshindwa kukilia tangu simu ile. Nikawasukuma wale vijana. Nikasimama ukingoni.

"Mwacheni!" nikasema. "Huyu ni mtani wangu!"

"Ni nani wako?" akauliza Lihanda.

Sikuwa na muda wa kumweleza. Niliinama, nikamwambia yule mtu aliyelala pale chini, mbele ya mhubiri na ukoo mzima, "Toka humo, Mzaramo wewe! Toka kabla hujaliuza na hilo kaburi!"

"Mayuu!" akalia Minza kwa Kisukuma chake, akapiga vigelegele, na nusu ya Kosta ikajishika mbavu. Nikamwona Kibwana amefumba macho, anacheka, udongo unamwingia kwenye meno. Hakutoka. Shangazi yangu mmoja, ambaye hakuelewa kitu ila anajua kumheshimu mtu anayedai kuku, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na jogoo. Jogoo akateremshwa kaburini, akampiga Kibwana mabawa usoni, na hapo hata mhubiri alishindwa kujizuia. Ndipo bwana yule akapanda juu, jogoo kwapani. Akanishika mkono.

"Pole, dada yangu," akasema. Hakusema Madam. Tukamzika mama.

Njiani kurudi Mwanza nilikaa naye kiti kimoja, jogoo miguuni petu. Nikamuuliza mambo ya Waluhya na kuku aliyajua wapi. Akasema walisimama Kakamega mjini, wakamuuliza muuza magazeti Waluhya hutaniwa kwa lipi, na muuza magazeti alihitaji muda mrefu maana yalikuwa mengi. Nikamuuliza lingine, lililokuwa limenikaa moyoni. "Minza alisema utani ni wa waliopigana. Sisi babu zetu hawajawahi hata kuonana."

Kibwana akanigeukia, akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mwanafunzi wa darasa la pili aliyeshindwa kuionyesha Afrika kwenye ramani ya Afrika.

"Wewe si uliniitia mgambo?" akasema. "Unataka vita gani tena?"

Kumbe miaka yote ile nilikuwa nimeshaipata sifa ya kuwa mtani, walikuwa wanasubiri zamu ya kuzikana. Jumatatu nilipoingia ofisini nilikuta kile kiti chenye mto amekalia mtu mwingine, na chai imebaki ya chini, yenye mashapo. Nilikunywa nikiwa nimesimama, na sijawahi kunywa chai tamu vile. Jioni nikalivuta lile sanduku chini ya kitanda, nikalifungua, nikapanga nguo zote kabatini.

Kwa hiyo wewe mwalimu mgeni, ushauri wangu ndio huu. Salimia kwanza, hata kama nyumba inaungua. Sukari kwenye chaki, droo ifungwe. Wakikupa kiti kizuri na kukuita Madam, jua bado hujafika. Siku utakaposikia umetukanwa kabila lako wakati wa chai, usikimbilie kwa Mwalimu Mkuu wala kwa mgambo. Weka kikombe chini, jipange, umtukane naye vizuri.

Kibwana naye amestaafu, amerudi Kisarawe kwenye kiwanja ambacho kwa miujiza hakijauzwa. Hunipigia kila Ijumaa akitoka msikitini. "Nyang'au, bado hujafa tu?"

"Nakusubiri wewe utangulie."

"Tangulia wewe. Mimi suti yangu bado ina udongo wa kwenu, sitaki kuifua mara mbili."

Tumeshakubaliana. Atakayebaki atasafiri, popote mwenzake atakapolazwa, atashuka atalala mle kwanza. Nimemwambia mimi kuku hapana, nitatosheka na soda. Iwe ya baridi.